TikTok, Instagram au stetasi ya WhatsApp: fundi mwenye simu moja aweke nguvu wapi?

Gauni lilikuwa moja: kitenge cha njano, mikono ya maputo, kiuno kimebana, zipu ya kuficha mgongoni. Nililipiga video Jumatano asubuhi kabla mwenyewe hajaja kulichukua. Klipu ileile nikaiweka TikTok na kwenye stetasi yangu ya WhatsApp. Hadi Jumapili, TikTok ilikuwa imetazamwa mara zaidi ya elfu thelathini. Stetasi waliiona watu 143. TikTok ilinipa oda mbili. Stetasi ilinipa tano, na watatu kati ya hao watano walituma advansi siku hiyohiyo.

Fundi mwenzangu niliyemsimulia akasema basi TikTok ni kumaliza bando tu. Nikamfungulia daftari. Kila mteja mpya namuuliza jambo moja kabla sijashika futi: "Umenijulia wapi?" Jibu naliandika pembeni ya vipimo vyake. Kati ya wale watano wa stetasi, watatu walihifadhi namba yangu miezi ya nyuma baada ya kuona video zangu TikTok. Walikaa kimya muda wote huo, wananiangalia tu, mpaka harusi ya ndugu yao ikafika.

Daftari hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Nawaandikia watu wanaouza kazi ya mikono yao: fundi cherehani, msusi, mpika keki, seremala, mpaka hina. Watu wenye simu moja, muda mdogo, na wasio na kijana wa kuwashikia ukurasa. Nitalinganisha mitandao kwa kipimo kimoja: hela inaingia au haiingii. Msimamo wangu niuseme mapema. Anza kujenga pale mteja anapolipia, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka pale anapokuona mara ya kwanza. Wengi tunaanzia upande wa pili, tunakusanya macho, na macho yakishafika hayakuti mlango.

Kwanza, mteja anaogopa nini?

Kuna mama alikuja na lesi yake ya sendofu ya binti yake. Kabla ya kukubaliana bei aliomba aone gauni lolote lililokwisha. Nikamshushia moja lililokuwa linaning'inia. Mbele hakupatazama hata kidogo. Aligeuza nje ndani, akapitisha kidole gumba taratibu juu ya oveloki, kutoka kwapani mpaka kwenye pindo. Akavuta bitana kidogo kuona kama imeshikizwa. Akaangalia zipu inaishiaje pale chini. Kisha akalirudisha na kusema, "Haya mwanangu, nipime."

Miaka miwili nilikuwa naposti mbele ya magauni, na mteja aliye makini anaangalia ndani. Kesho yake nikapiga video ya sekunde ishirini: gauni limegeuzwa, kidole changu kinafuata mshono, naeleza kwa sauti yangu mwenyewe kwa nini bitana ya kiunoni naiacha na nafasi ya kupanuliwa. Video hiyo haikupata watazamaji wa kutisha, lakini walioandika baada yake walianza na "nataka kushonewa", na hilo lilikuwa jipya kwangu.

Mteja wa fundi cherehani ana hofu tatu, na kila Mtanzania aliyewahi kushonesha nguo anazijua. Ya kwanza ni kucheleweshwa: "njoo kesho" mpaka sherehe inapita. Ya pili, nguo kutofanana na picha. Ya tatu, kutoa advansi na fundi akazima simu. Posti nzuri ya kupendeza inaleta mioyo na moto kwenye komenti. Posti inayojibu hofu mojawapo kati ya hizo inaleta advansi. Kama unapika keki, hofu za wateja wako ni nyingine: itafika imebonyea, itakuwa tamu kwa macho na kavu mdomoni. Zitafute na uziandike kwenye karatasi kabla hujachagua mtandao wowote, kwa sababu hizo ndizo mada zako za mwaka mzima.

TikTok: inaleta wageni, na wageni wengine wako mbali

Nguvu ya TikTok ni kwamba inakuonyesha kwa watu wasiokufuata. Akaunti ya wiki moja inaweza kuonekana kuliko akaunti ya miaka mitano, mradi video yenyewe imemshika mtu asipitilize. Hapo hakuna mtandao unaoifikia kwa mtu asiyejulikana. Na video haifi kesho yake. Mtu akitafuta "mshono wa kitenge wa sendofu" anaweza kuikuta ya miezi sita nyuma. Mimi bado napata wateja kutoka video niliyoisahau.

Shida yake ni jiografia. Anayetazama anaweza kuwa Lubumbashi, Muscat au Kigoma. Mimi ninayeshona naweza kumhudumia wa mbali kiasi, kwa kuwa nguo iliyokwisha inafungwa, inapelekwa stendi ya Magufuli kule Mbezi, inakabidhiwa kwa basi na kesho iko Mwanza. Msusi hawezi. Kichwa lazima kije kwenye kiti. Kwa hiyo kama kazi yako inamhitaji mteja afike, taja eneo lako kwa mdomo ndani ya sekunde za mwanzo na uliandike juu ya video: "Temeke, Dar es Salaam". Utapoteza watazamaji wa mbali, na hao hawakuwa wateja wako.

Yapo mambo mawili ya kiufundi yanayowasumbua wengi. Akaunti ya kawaida kwa kawaida hairuhusiwi kuweka linki ya kubofya kwenye wasifu mpaka ifikishe wafuasi 1,000. Usisubiri. Andika namba ya WhatsApp kwenye wasifu kama maandishi, na uiweke pia mwishoni mwa video ikae sekunde tatu nzima, mtu awahi kuinakili. La pili ni muziki. Ukigeuza akaunti kuwa ya biashara, TikTok inakufungia kwenye maktaba ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa biashara, na wimbo unaovuma mtaani unaweza usiwemo. Mimi nimeacha kuhangaika na nyimbo. Sauti ya cherehani ikikimbia juu ya kitenge, na mimi nikiongea juu yake, inatosha. Tena mteja akisikia sauti yako anaanza kukuzoea. Akija dukani anaongea na mtu anayemjua.

Kuna mtego mmoja ulionila miezi kadhaa, na nautaja kwa mapana kwa sababu nawaona wengi wamo ndani yake sasa hivi. Nilianza kufundisha: jinsi ya kukata kola, jinsi ya kupachika zipu ya kuficha, jinsi ya kupima mabega. Zilitazamwa sana, wafuasi wakapanda. Komenti zilikuwa hivi: "Dada fundi, rudia hapo kwenye shingo", "Cherehani gani hiyo?", "Unafundisha bei gani?" Wafuasi wangu wapya walikuwa mafundi na wanafunzi wa ufundi. Nawapenda, ni wenzangu, ila hawashonewi na mtu. Kama unauza mafunzo, video za aina hiyo ndizo hasa unazotaka, endelea nazo. Kama unauza magauni, mfundishe mvaaji: namna ya kuchagua kitambaa kwa mwili mnene, yadi ngapi za kununua kwa gauni refu, kitenge kinachochuja rangi utakijuaje kabla hujalipa Kariakoo. Anayetafuta majibu hayo yuko njiani kwenda kununua kitambaa, na kitambaa kinahitaji fundi.

Tena pale kwenye komenti kuna kazi. TikTok inakuruhusu kujibu komenti kwa video mpya. Mtu mmoja aliniandikia, "Mafundi wote waongo, mnachelewesha." Nilimjibu kwa video ya gauni lililobandikwa karatasi ya tarehe na mwenyewe akilichukua tarehe hiyohiyo. Sikumgombeza wala kumkebehi, kwa kuwa hofu yake ni ya haki. Jibu hilo limeniletea wateja kuliko video yoyote ya urembo niliyowahi kuposti.

Instagram: hapa wanakuja kukuhakiki

Mteja wa nguo ya gharama haagizi alipokuona mara ya kwanza. Anakwenda Instagram kukupekua. Anaangalia posti ya mwisho ni ya lini. Anashuka chini kuona kazi za mwaka jana. Anasoma komenti kama kuna anayelalamika. Anafungua hailaiti, zile stori za zamani ulizozihifadhi kwenye wasifu. Yote hayo yanafanyika kimya na huwezi kujua. Ndiyo maana watu husema Instagram haileti wateja, wakati kazi yake kubwa ni kuwathibitisha walioletwa na kwingine.

Ukiichukua hivyo, huhitaji kuposti kila siku. Unahitaji ukurasa unaosomeka. Instagram inaruhusu kubandika juu posti tatu. Zangu ni hizi: bei za kuanzia, namna ya kufika na kutuma oda ya mbali, na wateja wakiwa wamevaa. Kwenye wasifu kuna linki moja inayofungua WhatsApp moja kwa moja. Linki ukiiandika ndani ya maelezo ya posti haibofyeki, kwa hiyo usihangaike kuiweka huko. Stori zinafutika baada ya saa 24, lakini nzuri zihamishie hailaiti na uzipe majina ya kueleweka: "Bei", "Vipimo", "Wamevaa", "Mikoani".

Posti ya picha nyingi za kutelezesha inafaa sana kazi yetu. Tangu 2024 unaweza kupanga hadi picha 20, ingawa kwangu sita zinatosha: kitambaa kilivyoletwa, chaki juu yake, kilivyokatwa, jaribio la kwanza na pini zikiwa bado zimo, ndani ya mshono, mteja kavaa. Aliyetelezesha mpaka ya sita ameshaona gauni likizaliwa. Huyo ukimwambia siku tano anakuelewa.

Sasa picha za kuazima. Najua kurasa nzima zilizojaa mishono ya Kinaijeria na Kighana iliyotolewa mtandaoni, bila gauni hata moja lililotoka kwenye cherehani ya mwenye ukurasa. Zinavutia wafuasi haraka. Mteja anakuja na picha hiyohiyo, anataka hivyohivyo, kitambaa chake ni laini kuliko kile, mwili wake si ule, na siku ya kuchukua ni machozi. Picha ya kazi yako mwenyewe iliyopigwa mlangoni kwa mwanga wa asubuhi, hata kama ukuta una ufa, inauza kuliko picha ya studio ya mtu wa Lagos. Nikiona fundi mzuri anaficha kazi zake na kuonyesha za wengine roho inaniuma.

Stetasi ya WhatsApp: hapa ndipo wanapolipa

Stetasi haimleti mgeni. Kwa mpangilio wa kawaida, inaonwa na mtu uliyehifadhi namba yake na yeye akahifadhi yako. Inakaa saa 24, inafutika. Kwa hesabu za umaarufu haina maana yoyote. Kwa hesabu za daftari langu ndiyo ya kwanza, na sababu ni za kawaida kabisa: mtazamaji anakujua, akigusa kujibu tayari mko kwenye mazungumzo, na pochi yake ya M-Pesa iko kwenye simu hiyohiyo.

Weka WhatsApp Business, ni bure. Ilitoka 2018 na bado naona mafundi wanaotumia ya kawaida. Ina katalogi ya kuweka picha na bei, ina majibu ya haraka uliyoyaandika mapema, na ina lebo. Lebo zangu ni nne: "Ameuliza", "Ametoa advansi", "Jaribio", "Amechukua". Jioni nafungua "Ameuliza" na kuwarudia walionyamaza. Mara nyingi hawakuwa wamekataa. Mtoto alilia, umeme ukakatika, wakasahau.

Posti yangu bora kuliko zote inahitaji karatasi na pini. Oda ikiingia, nabandika karatasi kwenye kitambaa: "Kuchukuliwa Ijumaa". Napiga picha, naweka stetasi. Ijumaa ikifika napiga gauni lilelile na karatasi yake ileile likiwa limepigwa pasi, naweka tena. Picha mbili basi. Mtu anayenifuatilia kwa miezi mitatu ameona Ijumaa kumi na mbili zikitimia. Siku shemeji yake akitafuta fundi, atamwambia nini? Lakini usianze mchezo huu kama huna uhakika wa kutimiza. Ni bora useme siku nane na umalize saba.

Usijaze. Ukiweka stetasi thelathini kwa siku, ile duara ya juu inakatika vipande vidogovidogo kama mshono wa mashine, na watu wanakunyamazisha. Mimi naweka tano: asubuhi kazi iliyo mezani, mchana jaribio kama lipo, jioni kilichochukuliwa, na mbili za maneno au majibu ya maswali. Na usitegemee sana orodha ya kutuma kwa wengi. Inachukua watu 256, na asiyehifadhi namba yako haupati ujumbe huo. Ndiyo maana kila mteja akitoka dukani namwomba ahifadhi namba mbele yangu. "Dada, nihifadhi kabisa, uandike Fundi Temeke, usije ukanitafuta siku ya shughuli." Wanacheka, wanahifadhi.

Halafu jibu lenyewe. Hapa ndipo oda nyingi zinapofia, na kosa linakuwa letu. Mtu ameandika: "Habari dada, lile gauni la bluu bei gani?" Jibu la kwanza ninaloliona kwa wengi: "Inategemea mpendwa, njoo dukani." Jibu la pili: "Nzuri dada, karibu. Ukiniletea kitambaa chako, kushona ni 35,000. Nikinunua mimi ni 65,000 pamoja na bitana na zipu. Nachukua siku tano. Unalihitaji lini?" La pili limejibu bei, limetaja muda, na limemalizika kwa swali ambalo jibu lake ni tarehe. Mteja akishataja tarehe, oda imeshaanza. Kama ni mtu mzima, shikamoo itangulie kila kitu. Mama aliyeitwa "mpendwa" na mtoto wa kumzaa hakuambii kuwa ameudhika, ila hakurudii.

Kuhusu malipo, Lipa Namba ya biashara ina faida juu ya namba yako binafsi: mlipaji anaona jina la biashara kabla hajaweka namba ya siri. Kwenye nchi ambayo kila mmoja wetu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", jina hilo linatuliza moyo wa mtu. Nikipokea advansi, ndani ya dakika chache natuma picha ya risiti ikiwa na tarehe ya kuchukua. Hofu ya tatu inaishia hapo.

Facebook na YouTube, kwa kifupi

Facebook nimeikuta na akina mama watu wazima na walioko mikoani, hasa kwenye magrupu ya vikoba na ya shule za zamani. Kama unashona madera na nguo za ibada, usiidharau. YouTube inataka muda ambao fundi mwenye oda hana. Ni ya anayeuza mafunzo.

Bei hadharani au "bei njoo inboksi"?

Wanaoficha bei wana hoja, na niliwahi kuwa mmoja wao. Miili inatofautiana. Kitambaa kinapanda bei kati ya Jumatatu na Ijumaa. Fundi wa jirani akiona bei yako anapunguza mia tano. Na kuna imani kwamba mtu akishaingia inboksi utamshawishi.

Nilipojaribu kuweka bei, maswali yalipungua, na mwanzoni niliogopa. Kisha nikaona waliopungua ni wale wa "bei?" wanaopotea baada ya kujibiwa. Waliobaki walikuwa wameshapima mfuko wao. Muda niliokuwa naumaliza kujibu watu hamsini nikautumia kuwashonea kumi. Tena yapo mengine: mteja asiyeona bei mara nyingi hufikiri ni kubwa, anaona haya kuuliza, anapita. Huyo huwezi kumhesabu, kwa hiyo hujui umempoteza.

Njia ninayoipendekeza ni bei ya kuanzia pamoja na kilichomo ndani yake. "Kuanzia 35,000, kitambaa chako, bila bitana." Neno "kuanzia" linakulinda, na "bila bitana" linamwambia mteja kwamba hutamficha kitu baadaye. Nguo za bibi harusi peke yake ndizo ninazoziacha bila bei, kwa sababu pale hata mimi sijui mpaka nikae na bibi harusi mwenyewe na kitambaa chake. Hapo naandika "Njoo tukae, kuonana ni bure."

Umlipe mtu maarufu akuposti, au mteja wako?

Mtu maarufu ana wafuasi wengi na posti yake inapita siku moja. Wafuasi hao wanampenda yeye. Wataangalia gauni kwa sababu kalivaa yeye. Kama mauzo yako ni ya bidhaa nyingi zilizokwisha tayari, mafuta au viatu, inaweza kukulipa. Kwa fundi anayeshona gauni moja moja, hata wakija mia kwa pamoja utawashonea na mikono ipi?

Mteja wako ana ndugu, ana kamati ya harusi, ana grupu la kazini. Siku ya kuchukua nguo natenga dakika kumi. Namsogeza mlangoni kwenye mwanga, nampiga picha nzuri tano, namtumia papo hapo. Jioni ziko kwenye stetasi yake. Wanaoziona ni dada zake, mawifi, majirani, watu wenye miili na mifuko inayofanana na yake, na wengi wao wana shughuli ileile mwezi ujao. Oda zangu tatu kubwa za sare za harusi zilianzia kwenye stetasi za watu wengine.

Ila omba ruhusa kabla wewe hujaziweka kwako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Hata bila sheria, wapo wanaostiri, wapo ambao mume hataki, na wapo wasiotaka mawifi wajue wameshonesha kwa bei gani. Hao nawapiga kuanzia shingoni kushuka, au nalitundika gauni peke yake. Nauliza kwa maneno mepesi: "Naweza kuliweka kwangu? Na sura au bila sura?"

Matangazo ya kulipia ya Instagram na Facebook mimi nayatumia kwa nadra. Nikiyatumia, nabusti posti ambayo tayari imeleta oda bila kulipiwa, nachagua eneo la Dar es Salaam pekee, na kitufe kinachofungua WhatsApp. Kubusti posti iliyododa ni kuitangaza kwa gharama.

Kwa hali yako, uchague nini?

Unaanza na hakuna anayekujua: WhatsApp Business iwe tayari kwanza, na katalogi ya kazi tano na majibu ya haraka. Kisha TikTok, video tatu kwa wiki, kila moja ikijibu hofu moja na kuishia kwenye namba yako. Instagram iache kwanza mpaka uwe na kazi ishirini za kuonyesha.

Una miaka kumi mtaani, wateja wapo ila wanakuja msimu wa harusi tu: usianze na mtandao mpya. Wahamishe wote walio kwenye daftari waingie kwenye simu, na uweke stetasi kila siku kwa miezi mitatu.

Unashona vya gharama kubwa, magauni ya bibi harusi au suti: Instagram kwanza. Mteja wako atakupekua kwa wiki kadhaa kabla hajanyanyua simu, na ukurasa uliolala tangu mwaka juzi utamfukuza.

Unatafuta tenda za sare za shule au ofisi: hapo mitandao yote hii ni ya pembeni. Peleka barua, peleka sampuli iliyoshonwa kwa saizi tatu, rudi tena wiki inayofuata.

Vyovyote utakavyochagua, namba za wateja ziandike kwenye karatasi. Jumatatu ya Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima, kwa muda wa karibu saa sita. Kwetu ilikuwa jioni mpaka baada ya usiku wa manane. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikasuasua siku kadhaa. Ile jioni ya Oktoba nilikuwa na majaribio matatu ya kesho yake, na anwani zote za maelekezo ziko ndani ya WhatsApp. Nilifungua daftari, nikapiga simu za kawaida moja baada ya nyingine. Wa kwanza hakuwa hata amejua kwamba mtandao umezima. Aliniuliza tu, "Dada fundi, nije saa ngapi?"